Hema jepesi lisilolala chali kwenye upepo: mwongozo kamili wa kuchagua, hatua kwa hatua

Kila ikipita sikukuu ndefu napokea picha zile zile. Hema limelala chali, ufito umechomoza nje ya kitambaa kama mfupa, mwenye hema kakaa juu ya jiwe kajifunika shuka saa kumi alfajiri. Na ujumbe ni ule ule: "Kaka, hema langu ni la kilo moja na nusu, limeandikwa linazuia mvua mpaka milimita 4,000, mbona limeanguka na mvua haikunyesha?"

Jibu ndo hilo, mvua haikunyesha. Ulinunua hema la mvua ukalala nalo kwenye upepo.

Mi mwenyewe nimepita huko. Usiku mmoja kule Engaresero, karibu na ziwa Natron, upepo uliamka kama saa tano ukashuka kutoka kwenye ule ukuta wa bonde, hema likanilalia usoni, nikalala nimelishika ufito kwa mikono miwili mpaka kukakucha na mdomo umejaa vumbi. Hema lilikuwa jipya kabisa. Kosa lilikuwa langu, nililichagua kwa kuangalia picha na uzito basi.

Tuanze na vitu unavyohitaji, alafu hatua.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoa hela

- Mizani ya kuning'iniza au ya jikoni, yenye kuonyesha gramu
- Futi ya fundi
- Kamba nyembamba ya milimita 2 au 3, mita 15 mpaka 20
- Pegi 8 za ziada za alumini, zile ambazo ukizitazama kwa juu zina umbo la herufi Y
- Tochi kali
- Ndoo ya maji
- Kiwanja cha wazi na mtu mmoja wa kukusaidia
- Karatasi na kalamu, usicheke, utaona kazi yake sasa hivi

Hatua ya 1: Andika upepo wako

Kabla hujafungua ukurasa wowote wa duka andika utalala wapi mara nyingi, mwezi gani, na ardhi ya hapo ikoje. Hakuna hema la "upepo" tu. Pwani una kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi na kusi kuanzia Aprili, na zote zinavuma zikitulia upande mmoja, kwa hiyo unajua kabisa mgongo wa hema uelekee wapi. Milimani ni shida nyingine, mchana hewa inapanda na usiku inapoa inateremka, yaani umelala umeelekea vizuri alafu saa nane inakuja kutoka nyuma. Na kule Turkana upepo unashika usiku mpaka asubuhi, waliosimika mitambo 365 ya umeme wa upepo upande ule wa Marsabit hawakukosea njia.

Kwa nini tunahangaika na hili? Kwa sababu nguvu ya upepo haiongezeki polepole. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Chukua ubavu wa hema wenye mita mbili za mraba, upepo wa kilomita 40 kwa saa unausukuma kama kilo 15 hivi, ambazo hema lolote linavumilia. Upepo ukifika kilomita 80 hapo ni kama kilo 60. Yaani mtu mzima kaegemea hema lako usiku kucha, tena anaegemea na kuachia, anaegemea na kuachia. Juu sana mlimani unapata nafuu kidogo maana hewa ni nyepesi, kwenye mita 4,600 uzito wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani, ila kasi ya kule inakula nafuu yote hiyo.

Huna kipima upepo? Matawi makubwa yakiyumba na mwavuli ukikushinda, hapo ni kilomita 40 mpaka 50. Ukiona kutembea kuelekea upepo ni kazi, umevuka 50.

*Angalizo:* kama safari yako pekee ni Kilimanjaro usinunue kitu. Kule hupandi bila mwongozo mwenye leseni, kampuni inakuja na mahema na wagumu, yaani wapagazi, ndo wanayafunga. Mwongozo huu ni wa anayebeba begi lake mwenyewe, Usambara, Hanang, Ngong, Aberdare na kwingineko.

*Umefanikiwa ukiwa na* sentensi moja kwenye karatasi. Mfano: "Watu wawili, Natron na Usambara, Juni mpaka Septemba, upepo wa 50 usiku, ardhi ya majivu na mawe."

Hatua ya 2: Pima uzito wa kweli

Uzito unaoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni wa hema la ndani, flai (lile turubai la juu la kuzuia mvua) na fito peke yake. Pegi hazimo, kamba hazimo, mfuko haumo. Tafuta namba ya pili, ile ya mzigo mzima, na ukilipata hema mkononi lining'inize kwenye mizani yako mwenyewe.

Alafu ongeza gramu 150 mpaka 200 hapo hapo, maana ndizo pegi na kamba utakazoongeza baadaye. Wengi wanakwama hapa, mtu kahangaika kupata hema la kilo 1.3 afu anaona uchungu kuongeza pegi zenye gramu 14 kila moja! Ndugu yangu, pegi nane ni gramu 112. Andazi.

Kwa watu wawili, mzigo mzima wa kilo 1.8 mpaka 2.3 ndo eneo zuri la upepo. Chini ya kilo 1.3 yapo ila utalipa sana, au umbo litakuwa la kutegemea fimbo zako za kupandia mlima. Ukizidi kilo 2.7 gawaneni na mwenzako, yeye fito wewe kitambaa.

*Umefanikiwa* ukiweza kutaja uzito wa kila kitu kinachoingia kwenye begi, sio uzito wa tangazo.

Hatua ya 3: Chagua umbo, na hapa usiwe na haraka

Ukikosea hapa hakuna kamba itakayokuokoa.

*Kuba lenye fito mbili zinazopishana katikati.* Ndilo la kawaida, linasimama lenyewe hata kwenye mwamba usioingia pegi. Fito zinapishana sehemu moja tu juu, kwa hiyo mbavu zake nne ni ndefu na tupu, na upepo unazikunja ndani. Linafaa kama lina sehemu za kufungia kamba katikati ya mbavu hizo, tutazifikia.

*Kuba lenye ufito mmoja wa mgongo unaogawanyika.* Mahema mengi mepesi ya siku hizi yako hivi, upande wa kichwa fito mbili na upande wa miguu moja. Ni jepesi na linafungwa chapchap. Ila lina mbele na nyuma! Upande wa miguu ndo mfupi, huo ndo unaupa upepo. Likipigwa ubavuni linayumba kama mlevi, na pale fito zinapoungana ndo panapobeba mateso yote, kwa hiyo dukani papapase hapo kwanza.

*Handaki.* Pinde mbili au tatu zimepangwa mstari. Kwa uzito wake linakupa nafasi kubwa, na ukilielekeza mkia kwenye upepo linatulia ajabu. Tatizo bila pegi halisimami hata dakika, na upepo ukigeuka ukalipiga ubavuni linabonyea. Pwani penye kusi ya upande mmoja, zuri sana. Bonde la mlimani, fikiria mara mbili.

*Piramidi la fimbo za kupandia.* Ndilo jepesi kuliko yote na, watu hawaamini, ni gumu sana kwenye upepo kwa sababu pande zake zimelala na upepo unapanda juu unapita. Lakini roho yake yote iko kwenye pegi. Ikichomoka moja ya kona, umefunikwa. Kwenye majivu ya Natron ningelichukua? Ndiyo, nikiwa na mifuko ya kujaza mchanga. Kwa anayeanza simshauri.

*Kuba la fito nyingi,* zinazopishana sehemu tatu, nne, tano. Hili halijali upepo unatoka wapi. Ni mfalme, na mzito kama mfalme, ya watu wawili mengi yanapita kilo 2.5. Kama sentensi yako ya Hatua ya 1 ina neno "mita 4,000" na neno "Julai", lipe nafasi.

Umbo lolote, chukua futi upime kimo. Kwa wawili, sentimita 100 mpaka 110 zinatosha kukaa. Kila sentimita unayoongeza juu ya hapo ni tanga unalompa upepo. Najua hema la kusimama linapendeza kwenye picha.

Na usibabaishwe na maandishi ya "misimu mitatu" na "misimu minne". Sisi tuna kiangazi, masika, kipupwe na vuli, wao wanahesabu theluji. Hiyo "minne" maana yake limejengwa kubeba theluji na dhoruba za baridi, ndo maana ni zito na joto. Hema zuri la "mitatu" lililofungwa sawasawa linakutosha sehemu nyingi za huku kwetu.

*Umefanikiwa* ukiweza kunyoosha kidole kwenye picha ya hema ukasema: upepo unaingia hapa, unatokea pale, na mlango uko upande usiopigwa.

Hatua ya 4: Kagua fito

Alumini, unene wa milimita 8.5 mpaka 9.5. Basi.

Faibaglasi ni nzito na ikivunjika inapasuka vijiti vijiti vyenye ncha, vinachana flai alafu vinakuchoma vidole ukiwa gizani. Kaboni ni nyepesi ila haipindi ikakuonya, inakatika tu. Alumini inapinda kwanza, unaamka, unaiona, unaifunga.

Hakikisha kuna kile kipande kifupi cha bomba la kuunganishia ufito uliovunjika. Kina urefu wa kama kiganja, kinavishwa juu ya mvunjiko na kufungwa tepu pande zote. Mahema mengine yanakuja nacho, mengine hayana, ukikosa tafuta bomba la alumini ambalo ufito unapita ndani yake kwa kubana kidogo.

*Umefanikiwa* fito zikiunganika zote bila pengo, na ule mpira wa ndani ukizivuta zenyewe zikajipanga. Mpira ukining'inia kama kamba ya kaptula ya zamani, hiyo fito imechoka.

Hatua ya 5: Tafuta vitanzi na velkro, hapa ndo panapoamua

Ningekuwa na dakika mbili tu dukani ningezitumia hapa.

Kaa nje ya hema uhesabu vitanzi vya kufungia kamba vilivyo juu ya ardhi, kwenye mwili wa flai, sio vile vya chini kwenye pindo. Hema la upepo la watu wawili liwe na angalau vinne, sita ni vizuri zaidi, na viwe kwenye nusu ya juu ya fito.

Sasa ingia ndani, kunja flai, angalia nyuma ya kila kitanzi. Unatafuta kipande cha velkro, ile ya kubandika na kubandua, au kifundo kinachofunga flai kwenye ufito wenyewe. Kama kipo, kamba ikivutwa nje inavuta ufito, na upepo ukisukuma unashindana na pegi. Kama hakipo kamba inavuta kitambaa peke yake, ufito unacheza ndani kwa raha zake, flai inajaa hewa, na hapo ndo unapata ile picha mnayonitumia.

Hema langu la Natron lilikuwa na vitanzi sita na velkro sita. Sikufunga hata moja. Nilizigundua nyumbani nikiwa nalikung'uta vumbi, zimekunjwa vizuri kama zilivyotoka kiwandani, nikakaa chini nikacheka.

*Angalizo:* kitanzi kilichoshonwa kwenye kitambaa kimoja bila kiraka cha kuongezea nguvu kitachanika. Shika, vuta kwa vidole viwili kama unavyokaza kamba ya kiatu. Mshono ukifunguka vijitundu, rudisha.

*Umefanikiwa* ukivuta kitanzi kwa nje na kuona ufito unasogea nacho.

Hatua ya 6: Kitambaa na vumbi

Kuna nailoni na kuna polyesta. Nailoni yenye silikoni ni ngumu kuchanika, ila ikilowa inanyooka, kwa hiyo umelala imekaza na saa nane usiku umande umeifanya ilegee na inapiga makofi. Polyesta hailegei sana. Ukichukua nailoni kubali kwamba utaamka mara moja kukaza kamba. Kile kitambaa cha bei mbaya kinachong'aa kama karatasi hakinyooki kabisa, lakini bei yake nayo hainyooki.

Unene, unapimwa kwa denia, yaani uzito wa uzi, namba ndogo ni uzi mwembamba: flai ya denia 15 mpaka 20 inatosha kwa hema jepesi, sakafu iwe 20 au 30. Kuhusu milimita za mvua, ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinahimili kabla hakijavuja: 1,500 kwenda juu zinatosha kwa flai, hizo 4,000 zisikusumbue akili.

Linalosahaulika ni vumbi. Hema la ndani la neti tupu ni zuri kwa joto la pwani, ila kwenye majivu ya volkano au mchanga wa ziwa upepo unaingia chini ya flai, unapenya neti, unakuwekea unga kwenye macho, chai na kamera. Chukua lenye kitambaa kizima kuanzia chini mpaka nusu na neti juu. Na flai ishuke karibu na ardhi, nafasi ya vidole vinne, isizidi kiganja.

Ikishuka hivyo utapata unyevu ndani asubuhi, hilo ni la kawaida, acha tundu la juu wazi. Na usipikie ndani ukiwa umefunga zipu kwa sababu ya upepo, moshi wa jiko la gesi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Ukinunua mtumba

Soko la Memorial Moshi, Gikomba na Toi za Nairobi, mahema mazuri yanapita huko kwa bei ya kutupa, mi nimepata moja zuri mpaka leo ninalo. Ila fanya mambo matatu. Linuse: likinuka kama matapishi na kitambaa kinanata ukikibandua, ile rangi ya ndani ya kuzuia maji imeoza, haitengenezeki. Mulika tochi kutoka ndani uangalie vitundu na mishono iliyobanduka. Alafu vuta flai kwa mikono miwili sehemu ya juu kabisa ambapo jua limepiga miaka, ikichanika kirahisi kama gazeti muachie mwenyewe. Fito zikikosekana usinunue kwa matumaini.

Hatua ya 7: Nunua pegi na kamba zako siku hiyo hiyo

Zile pegi nyembamba zinazokuja na hema ni za bustani yenye majani. Rudi kwenye karatasi yako usome neno la ardhi.

Udongo wa kawaida: pegi za Y, sentimita 15 hivi. Majivu na mchanga: ndefu na pana, sentimita 20 kwenda juu, au mfuko mdogo unaujaza mchanga, unaufunga kamba na kuuzika. Mwamba na mawe: pegi haziingii, funga kamba kwenye jiwe dogo refu, lilaze chini, alafu weka jiwe kubwa juu ya kamba upande wa hema. Upepo ukivuta, jiwe dogo linajibana nyuma ya jiwe kubwa. Wagumu wanafunga hivi kila siku na ukiwaangalia mara moja hutasahau.

Kamba iwe ndefu na ilale. Kitanzi kikiwa sentimita 80 juu, pegi iwe angalau sentimita 80 mbali na hema, ikifika mita moja na nusu ni bora. Kamba iliyosimama wima inachomoa pegi, iliyolala inaivuta pembeni na ardhi inaishikilia. Kichwa cha pegi kiiname kidogo upande ulio mbali na hema.

*Umefanikiwa* ukisimama juu ya mguu mmoja, ukaivuta kamba kwa mkono mmoja kwa nguvu zako za kawaida, na pegi isitoke.

Hatua ya 8: Jaribu nyumbani, lebo ikiwa bado haijakatwa

Nenda kiwanjani siku ya upepo. Lifunge mara ya kwanza mchana. Kama ni lile linaloanza na hema la ndani ndo flai, jiulize litakuwaje mvua ikinyesha wakati unafunga, na kama flai inaweza kutangulia jifunze hivyo.

Funga velkro zote. Kamba zote. Sasa weka kiganja kwenye ufito, urefu wa bega lako ukiwa umepiga magoti, na uegemee kidogo kidogo kama unasukuma mlango mzito. Mwenzako akae upande wa pili apime kwa futi. Ufito ukisogea sentimita tano, kumi, na ukarudi wenyewe ukiachia, uko salama. Ukisogea ishirini au ukabaki umeinama, tafuta kamba iliyolegea au velkro uliyoisahau kabla hujalaumu hema. Rudia pande nne, na uandike upande uliokuwa dhaifu.

Mwagia ndoo ya maji, subiri dakika 20, liguse tena. Nailoni itakuwa imelegea. Kaza upya ukitumia vile vikazio vya kamba, uone kama vidole vyako vinavifikia bila kutoka nje kabisa.

Mwisho rudi usiku, taa ya kichwani, peke yako, ukifunga kila kitu mpaka kamba ya mwisho. Mara ya kwanza mimi ilinichukua dakika 25 na matusi. Ukishuka chini ya kumi, na ukikaa ndani husikii kitambaa kikipiga makofi isipokuwa ule mvumo wa chini chini kama wa ngoma ya mbali, kata lebo.